Ithibati ya Maabara ya Kitabibu: Jinsi ya Kuiomba na Kuihuisha Ukiwa Lamu

Kila baada ya wiki chache hupokea maswali yale yale kutoka kwa wenzangu wanaosimamia maabara za Mpeketoni, Faza, Witu na hata Malindi. Je, leseni ya bodi si ithibati? Nianze na fomu au nianze na mashine? Mkaguzi akija atataka kuona nini? Nimeona ni heri niyaweke majibu mahali pamoja, kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, ili atakayeanza kesho asipoteze mwaka mzima kama tulivyoupoteza sisi kwa kuandika makabrasha mazuri ambayo hayakufanana na kazi tuliyokuwa tukiifanya.

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Leseni hutolewa na bodi ya kitaifa ya wataalamu wa maabara, KMLTTB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, nayo ni ruhusa ya kufungua mlango na kupima watu. Nyota, ambazo wengine huzichanganya na ithibati, ni za mpango wa SLIPTA wa Shirika la Afya Duniani, kanda ya Afrika: maabara hukaguliwa kwa orodha maalumu, ikipata chini ya asilimia 55 haina nyota, ikipata 55 hadi 64 ina nyota moja, na hupanda hivyo hadi asilimia 95 na zaidi, ambayo ni nyota tano. Ithibati ni jambo la tatu. Ni tamko la chombo huru, ambacho hapa Kenya ni Huduma ya Ithibati ya Kenya, KENAS, kwamba maabara yako ina umahiri wa kufanya vipimo fulani, vilivyotajwa kimoja kimoja, kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 15189. Nyota tano hazigeuki kuwa ithibati, ingawa aliyezipata huwa amebakiza safari fupi.

Toleo la kiwango linalotumika ni la mwaka 2022, na muda wa kuhama kutoka toleo la 2012 ulikwisha Desemba 2025. Rafiki akikupa mafaili ya maabara yake yaliyojengwa juu ya toleo la zamani, yasome upate mwanga, lakini usiyanakili.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Leseni hai ya maabara na leseni hai ya kila mtaalamu anayegusa sampuli.
- Nakala halali ya ISO 15189:2022. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, huuza viwango; kurasa zilizopigwa picha kwa simu hazitoshi.
- Mtu mmoja aliyepewa jukumu la ubora kwa barua, na aliyepewa pia saa za kulifanya. Toleo la 2022 halilazimishi cheo cha meneja wa ubora, lakini kazi yenyewe haikupungua.
- Usajili katika mpango wa tathmini ya ubora ya nje, yaani unaokuletea sampuli ambazo majibu yake huyajui ili majibu yako yalinganishwe, kwa kila kipimo utakachokiombea.
- Hati za kalibresheni, yaani za kulinganisha kifaa na kipimo kinachoaminika, za pipeti (mirija ya kupimia ujazo), vipimajoto, mizani na mashine ya kuzungusha damu.
- Kumbukumbu za kazi za miezi isiyopungua mitatu. Mimi binafsi ningengoja sita.
- Bajeti iliyotiwa saini. Mbali na ada, uliza mapema kuhusu usafiri na malazi ya wakaguzi, maana kufika kwetu ni ndege hadi Manda au gari hadi Mokowe, na njia zote mbili humalizikia kwenye boti.

Hatua ya 1: Chagua wigo mdogo

Wigo ni orodha ya vipimo unavyoviombea ithibati. Anayeanza hutaka kuviingiza vyote arobaini alivyonavyo, na hapo ndipo anapojichimbia shimo, kwa kuwa kila kipimo kinadai uthibitishaji wake, udhibiti wake na tathmini yake ya nje. Anza na vile unavyovifanya kila siku na ambavyo vitendanishi vyake (kemikali za kupimia) havikukatikii: damu kamili, sukari, malaria kwa hadubini, kreatinini (kipimo cha figo). Vingine utaviongeza baadaye kwa ombi la kupanua wigo. Usiisahau mashine ndogo ya sukari iliyoko wodini au kliniki ya wajawazito. Toleo la 2022 limeyaingiza ndani masharti ya vipimo vinavyofanywa kando ya mgonjwa, na kama kipimo hicho kiko chini ya jina la maabara yako, utaulizwa wewe.

Hatua ya 2: Jipime mwenyewe

Chukua orodha ya ukaguzi ya SLIPTA, kaeni watu wawili, mjibu kila swali mkiwa na ushahidi mkononi. Jibu la "tunafanya, ila hatukuandika" lihesabuni kuwa hapana. Matokeo yatawaudhi, na hiyo ni dalili kwamba mmejipima kwa haki.

Hatua ya 3: Andika taratibu jinsi kazi inavyofanyika

Taratibu sanifu za kazi, ambazo sote tunaziita SOP, ziandikwe na yule anayeifanya kazi yenyewe, kisha msimamizi azipitie na kuzitia saini. Mtihani wake ni rahisi: mpe mtaalamu aliyeajiriwa jana, umwambie afuate maandishi bila kuuliza, nawe utazame anapokwama. Kila waraka uwe na namba, toleo, tarehe na mwenye kuuidhinisha, na toleo la zamani liondolewe kabisa mezani. Karatasi iliyobandikwa ukutani kwa gundi miaka minne iliyopita nayo ni waraka, na mkaguzi ataisoma.

Toleo la 2022 halidai kitabu kimoja kinachoitwa mwongozo wa ubora. Hata hivyo, mambo yaliyokuwa yakikaa humo, kama sera, malengo na mgawanyo wa majukumu, lazima yapatikane mahali fulani, kwa hiyo wengi wetu tumeendelea nacho.

Hatua ya 4: Vifaa, na adui wetu aitwaye chumvi

Kila kifaa kiwe na namba, faili, ratiba ya matengenezo na kibandiko cha tarehe ya kalibresheni. Fundi wa kalibresheni hutoka Mombasa au Nairobi, kwa hiyo shirikianeni maabara mbili tatu mumlete kwa safari moja. Kabla hajaondoka, linganisha namba iliyochongwa kwenye kila pipeti na namba atakayoiandika kwenye hati. Sisi tuliletewa hati tisa, mbili zikiwa na namba za pipeti ambazo hatujapata kuziona, na tukagundua mbele ya mkaguzi.

Hati ikifika, isome. Hati ya kipimajoto ikisema kinazidisha nyuzi 1.5, basi friji inayosomeka 3 iko 1.5, nayo vitendanishi vyake vinataka 2 hadi 8. Wengi huifungia hati kabatini wakaendelea kuandika 3 kila asubuhi.

Hewa ya hapa hula vyuma. Mawe ya mizani huota kutu, miguu ya kuunganishia umeme hupata ukungu wa kijani, na lenzi za hadubini huota kuvu kama nyuzi za buibui zisipofunikwa na kuwekewa vijaluba vya kunyonya unyevu. Yaandike haya katika mchanganuo wa hatari wa maabara yako badala ya kunakili hatari za maabara ya bara, ambako hakuna aliyewahi kuona hadubini ikiharibiwa na upepo wa kusi.

Hatua ya 5: Thibitisha kila mbinu

Kitabu cha mtengenezaji kinasema mashine yake ilifanya vizuri kwake. Wewe unatakiwa kuonyesha kwamba inafanya vizuri hapa. Kwa vipimo vya namba, njia inayokubalika sana ni kupima sampuli ile ile mara tano kwa siku, kwa siku tano, kisha kulinganisha mtawanyiko wa majibu na ule uliotajwa na mtengenezaji. Kwa viwango vya kawaida, yaani mipaka ya majibu ya mtu mwenye afya, pima watu wazima wenye afya wasiopungua 20. Wakitoka nje ya kiwango wasiozidi wawili, unaweza kukipokea kiwango cha kitabuni. Wakizidi, rudia kwa watu wengine 20, na hali ikiwa ile ile tafuta sababu. Andika hitimisho kwa sentensi kamili, litiwe saini, na liwe na tarehe iliyotangulia siku ulipoanza kutoa majibu.

Hatua ya 6: Udhibiti wa ndani na tathmini ya nje

Endesha sampuli za udhibiti, yaani kontroli, ambazo jibu lake linajulikana, kila siku ya kazi, uchore grafu, na uamue kabla ya kutoa jibu la mgonjwa. Nukta moja ikivuka mikengeuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko wa majibu) mitatu, au mbili mfululizo zikivuka miwili upande mmoja, simama. Kosa lililozoeleka ni kurudia kontroli mpaka ikubali, kisha kuandika ile iliyokubali peke yake. Mashine huhifadhi zote, na mkaguzi anajua kitufe cha kubonyeza.

Kwa kipimo kisicho na mpango wa tathmini ya nje, badilishana sampuli na maabara nyingine, kwa mfano iliyoko Malindi, kwa makubaliano ya maandishi yanayotaja idadi ya sampuli, mara ngapi kwa mwaka, na tofauti mtakayoikubali.

Hatua ya 7: Njia ya sampuli kabla haijafika mlangoni kwako

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo maabara za visiwani huanguka, na wanaotoa mafunzo mjini hupapita mbio.

Chukua damu iliyotolewa Kizingitini saa mbili asubuhi, ikangoja boti ijae, ikafika mezani kwako saa tano. Chembe za damu ni hai na zinaendelea kula. Katika damu ambayo haijatenganishwa, sukari hupungua kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa, na joto huzidisha kasi hiyo. Mgonjwa aliyekuwa na sukari ya milimoli 5.6 kwa lita utamwandikia 4.7, kontroli zako zote zikiwa safi na saini zote zikiwa mahali pake. Chupa ya kifuniko cha kijivu husaidia, ingawa dawa iliyomo huchukua saa kadhaa kuuzima ulaji huo kabisa. Potasiamu nayo huvuja kutoka ndani ya chembe na kupanda, na hapa barafu si dawa: damu nzima ikipoozwa, potasiamu huvuja zaidi. Tiba ya kweli ni kuzungusha na kutenganisha damu kule kule inakotolewa, kisha kusafirisha maji yake ya juu ndani ya sanduku la baridi.

Kwa hiyo andika utaratibu wa ukusanyaji, uupeleke kwa zahanati zote zinazokuletea sampuli, uwafundishe wauguzi na mwenye boti pia, na utunze orodha ya waliofundishwa. Fomu ya ombi iwe na nafasi mbili za saa: saa ya kutolewa na saa ya kupokelewa. Hapa tahadhari, kwa maana kwetu saa mbili ya asubuhi mwingine ataiandika 2 na mwingine 8. Amueni mtindo mmoja na muuchapishe juu ya fomu. Weka pia vigezo vya kukataa sampuli na kitabu cha zilizokataliwa. Kitabu hicho kikiwa kitupu mwaka mzima, hakuna mkaguzi atakayeamini.

Hatua ya 8: Ukaguzi wa ndani na mapitio ya uongozi

Fanya vyote viwili kabla ya kutuma ombi. Njia ninayoipenda ya ukaguzi wa ndani ni kufuata sampuli moja. Toa kitabu cha miezi mitatu iliyopita, weka kidole kwenye mstari wowote, kisha uulize: fomu ya ombi iko wapi? Nani aliipokea, na alikuwa ameidhinishwa kupokea? Kitendanishi kilikuwa cha toleo gani, yaani namba gani ya kundi la kiwandani, na kilijaribiwa lini kabla ya kutumika? Kontroli ya siku ile ilisemaje? Friji ilikuwa na nyuzi ngapi? Pipeti ilikuwa ndani ya muda wa kalibresheni? Nani alitoa jibu, na lilimfikia daktari saa ngapi? Ukimaliza sampuli tano kwa namna hii utakuwa umeyaona karibu yote ambayo mkaguzi angeyaona.

Sisi tulipofanya hivyo mara ya kwanza tulikutana na chati ya joto la friji ya mwezi mzima iliyojazwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, nyuzi 4 kila siku, ikiwemo siku ya Idi ambayo tulikuwa tumefunga maabara. Tuliiacha ndani ya faili kama ilivyo, tukaiandikia dosari dhidi yetu wenyewe na kueleza tulichobadilisha. Mkaguzi aliisoma, akageuza ukurasa. Lau tungeichana au kuiandika upya, lingekuwa suala la uaminifu, na suala la uaminifu halifungwi kwa fomu.

Mapitio ya uongozi ni kikao cha mwenye maamuzi ya fedha, si cha wataalamu peke yao. Muhtasari uonyeshe maamuzi, mwenye kuyatekeleza na tarehe.

Hatua ya 9: Tuma ombi

Jaza fomu ya KENAS, uambatishe wigo, nyaraka za mfumo, orodha ya vifaa na wafanyakazi, pamoja na matokeo ya tathmini ya nje, na ulipe ada. Majina ya vipimo katika wigo yafanane neno kwa neno na yaliyo kwenye SOP na kwenye karatasi ya majibu. Nyaraka hupitiwa kwanza, ukaulizwa maswali, kisha tarehe ya kuja hupangwa. Unaweza kuomba ziara ya awali. Kwa anayeanza ningeshauri aiombe. Ukipewa nafasi ya kuchagua tarehe, epuka wiki ya Maulidi katika Mfungo Sita, ambapo mji hufurika wageni na kupata chumba ni kazi.

Hatua ya 10: Siku za ukaguzi

Mkaguzi atamtazama mtaalamu akifanya kazi, kwa hiyo asikae mezani meneja peke yake. Waambie watumishi wajibu walichoulizwa, waonyeshe palipoandikwa, na wasipojua waseme watatazama kwenye SOP. Usibishane, lakini ukiona kosa la uelewa, lete ushahidi kabla ya kikao cha kufunga, si baada yake.

Hatua ya 11: Funga dosari kwa kufika kwenye chanzo

Karibu kila maabara hupewa dosari. Kinachopimwa sasa ni namna unavyozijibu, ndani ya muda ulioandikwa kwenye ripoti. Tuseme umepatikana ukitumia toleo jipya la kitendanishi bila kulilinganisha na la zamani. Kujibu kwamba "mtumishi alisahau, ameonywa" kutakurudishia fomu. Uliza kwa nini alisahau: kwa sababu kitabu cha kupokelea vitendanishi hakina safu ya ulinganisho. Kwa nini hakina? Kwa sababu fomu ilichorwa kabla ya SOP kubadilishwa, na hakuna anayepitia fomu SOP inapobadilika. Hapo umefika. Rekebisha fomu, rekebisha utaratibu wa kubadilisha nyaraka, chunguza kama majibu ya wagonjwa yaliathirika, kisha baada ya mwezi rudi kutazama kama safu inajazwa, na utume ushahidi wa hayo yote.

Kuihuisha

Cheti kina tarehe ya mwisho, na mzunguko wa ithibati kwa kanuni za kimataifa hauvuki miaka mitano. Katikati kuna ukaguzi wa ufuatiliaji, na muda kati ya ukaguzi mmoja unaofanyika maabarani penyewe na mwingine hauruhusiwi kuzidi miaka miwili. Soma tarehe zako, uziandike ukutani, na uanze ombi la kuhuisha angalau miezi sita kabla. Ukaguzi wa kuhuisha hutazama mfumo mzima upya, na jambo la kwanza kuulizwa huwa dosari za zamani: je, zimejirudia?

Kati ya ukaguzi na ukaguzi, toa taarifa KENAS kwa maandishi unapobadilisha mkuu wa maabara, jengo, mashine kuu au mmiliki. Usingoje wagundue. Tumia nembo ya ithibati kwa vipimo vilivyo ndani ya wigo tu, na karatasi ya majibu yenye vipimo vya aina mbili iweke alama wazi ya kuvitofautisha.

Udhaifu mkubwa niliouona ni mwaka wa pili. Cheti kimetundikwa, picha zimepigwa, aliyekuwa akisimamia ubora amepata kazi Mombasa, na ukaguzi wa ndani unafanywa wiki moja kabla ya wageni kuingia. Fundisha mtu wa pili tangu mwanzo.

Yakikupata haya

*Umeanguka tathmini ya nje.* Usitupe ripoti. Angalia kwanza makosa ya kuandika na vizio, kisha kontroli za siku ile, kisha namna sampuli ilivyosafiri. Kifurushi kilichoshushwa Mokowe mchana, kikavuka kwa boti na kupandishwa punda hadi mlangoni kinaweza kuwa kimepata joto. Rekodi hali yake kila kinapofika.

*Kalibresheni imepita muda na fundi hajafika.* Toa kifaa kazini, au fanya ukaguzi wa kati kwa kifaa kingine chenye hati hai na uandike uamuzi wako wa hatari. Kibandiko kipya juu ya cha zamani si suluhisho.

*Umeme umekatika usiku.* Kipimajoto chenye kumbukumbu ndani ya friji ndicho kitakachokuambia kama vitendanishi viliharibika. Pasipo hicho, huna ushahidi, na itakubidi uvitupe au uvijaribu vyote upya.

*Kitendanishi kimekatika miezi miwili.* Peleka sampuli kwa maabara uliyokwisha kuitathmini kwa maandishi, taja jina lake kwenye majibu, na kabla ya kurudia kipimo kwako thibitisha tena kwamba mashine na watumishi wako tayari.

*Hukubaliani na dosari.* Upo utaratibu wa rufaa. Utumie kwa kifungu cha kiwango na ushahidi, bila kumtaja mkaguzi kwa sifa zake.

*Umesimamishwa.* Ondoa nembo kwenye majibu siku hiyo hiyo, waarifu madaktari na zahanati zinazokuletea sampuli, na utenge karatasi zote zilizochapishwa na nembo zisibaki dirishani pa mapokezi, kwa kuwa mtumishi wa zamu ya usiku atazitumia bila kujua.